Ukuta wa Ukurasa wa Nne

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha tatu huku kwetu Shinyanga aeleze namna ya kusonga ugali. Nyumbani anausonga kila siku, wa mahindi na wa mtama, na wadogo zake wanashiba. Sasa mpe karatasi. Ataandika: "Dhana ya ugali imefasiliwa na wataalamu mbalimbali." Atawatafuta hao wataalamu mpaka awapate. Akishamaliza kufasili, atataja aina za ugali, atalinganisha ugali na wali, atatoa umuhimu wa ugali kwa jamii na changamoto zinazoukabili ugali, na kwa kuhitimisha atasema kwamba ugali una faida na hasara zake. Sufuria bado haijabandikwa jikoni. Mtu asiyejua kupika akiifuata insha ile atalala na njaa, ila mwanafunzi atapata kumi na nane kwa ishirini.

Najua atapata kumi na nane kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nasahihisha.

Nafundisha Kiswahili sekondari, upande wa Ibadakuli, mahali ambapo ndege ikitua darasa zima linageuza shingo dirishani hata kama umeshika fimbo. Wenzangu walipenda kufundisha ushairi na hadithi. Mimi nilikuwa mtu wa insha za maelezo, na nilikuwa na mbinu zangu za kuzikuza: fasili, uainishaji, mifano, ulinganishi, sababu na matokeo, tatizo na utatuzi. Niliziandika kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nene, nikazibandika ukutani, na mwanafunzi aliyeshindwa kuzitaja kwa mpangilio alisimama mpaka kengele ilie. Nilijiona mtu kweli. Leo nikikumbuka nilivyokuwa nikipita katikati ya madawati na kalamu nyekundu sikioni, natamani kujizaba kibao.

Sijui ni nani aliyeanzisha sheria kwamba kila maelezo lazima yaanze na maana ya kitu. Vitabuni fasili ni njia mojawapo tu, unaitumia pale msomaji asipokijua kitu chenyewe. Sisi tuliigeuza kuwa geti la shule. Mkuu wa idara yetu, bwana mmoja aliyefundishia notisi zilizodurufiwa mpaka nusu ya herufi zimefutika, alituambia kwenye kikao kwamba fasili ndiyo inayoonyesha kuwa mwandishi amesoma. Hapo alisema kweli asijue. Fasili zetu hazikuwa na kazi ya kumweleza msomaji kitu. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kwamba aliyeandika si mtu wa shambani. Tuliipenda kwa sababu hiyo, sisi tuliotoka shambani juzi tu, ambao mama zetu mpaka leo tukiwapigia simu wanatujibu kwa Kisukuma.

Msichana mmoja aliwahi kuniandikia insha ya ukame akaanza na ng'ombe wao wa mwisho, aliyeanguka njiani kabla ya kufika lambo. Alieleza lambo lilianza kukauka upande upi, nyasi zilikwisha wapi kwanza na wapi baadaye, baba yake aliuza nini na mama yake alikataa kuuza nini. Ukifika mwisho unajua ukame ni kitu gani. Nilimwandikia kwa wino mwekundu, "Fasili iko wapi?" na nikampa saba. Hakuniuliza neno. Insha iliyofuata alifasili, ikawa mbovu kama za wenzake, nikampa kumi na sita.

Huyo ndiye mwalimu ambaye kaka yangu alimjia kuomba msaada.

Kaka yangu ni wa kwanza kuzaliwa kwetu, mimi wa tatu. Aliishia darasa la nne kwa sababu kulikuwa na ng'ombe wa kuchunga na kulikuwa na mimi wa kusomeshwa, na mzee aliona mtu mmoja hawezi kugawanywa. Baadaye ng'ombe wenyewe walikwisha, kaka akaenda Geita kuchimba dhahabu kwa mikono pamoja na wachimbaji wadogo. Duara lao, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia, lilikuwa la kushuka kwa ngazi za miti, moja chini ya nyingine, na kuta zake zilizuiwa na magogo wanayoyaita matimba. Alikaa kwenye kazi hiyo miaka mingi kuliko mimi darasani, na hakuwahi kuniambia kwamba anaijua. Mimi yangu nilimwambia kila tulipoonana.

Alifika kwangu Jumamosi moja alasiri, ametapakaa vumbi la njia nzima ya Ushirombo na Kahama.

"Shikamoo, kaka," nikamwambia.

"Marahaba, mwalimu. Mwadila," akaongeza salamu ya Kisukuma.

Hajawahi kuniita jina tangu nilipopata ajira. Alikunywa maji, akauliza habari za mama, ndipo akasema amekuja nimsaidie kalamu.

Kisa chake kilikuwa hiki. Kando ya duara lao kulikuwa na duara jingine la zamani lililoachwa na wenyewe. Masika ile lilijaa maji, na maji yale yalikuwa yanapenya ukutani kuja kwao. Walikwenda kumwambia bwana mmoja wa ofisi inayohusika, mara mbili. Bwana yule aliwaambia kwamba ofisi haifanyi kazi na maneno ya mdomo. Walete maelezo ya kina, kwa maandishi.

"Si msimame tu kwanza?" nikamuuliza.

"Ofisi ikitusimamisha, tunasimama wote na nafasi zetu zinabaki. Mtu akisimama mwenyewe kwa woga, kesho yake nafasi yake ina mtu mwingine."

"Kwa hiyo bado unashuka?"

"Nashuka. Ndiyo maana nimekuja."

Nikachukua daftari na kumwambia aeleze. Alifumba macho, mikono ikiwa magotini, akaanza kushuka.

"Ngazi ya kwanza pakavu. Ngazi ya pili, ukiweka kiganja upande wa mashariki, kinarudi na unyevu. Ngazi ya tatu maji yanatiririka, membamba, na matimba mawili yamepinda kuja ndani. Tuliyaweka wenyewe, yalikuwa yamenyooka. Ngazi ya nne, mkinyamaza wote, mnasikia magogo yanalia. Nyuma ya ukuta ule ndipo lilipo lile duara la maji. Waandikie walete pampu wayavute, au watusimamishe. Nduhu, hakuna kingine."

Nilitazama daftari langu. Mistari saba. Nilicheka, na sikucheka kwa ubaya, nilicheka kama mtu mzima anayeonyeshwa nyumba ya udongo iliyojengwa na mtoto.

"Kaka, haya ni masimulizi," nikamwambia. "Ofisi inataka maelezo."

"Tofauti yake nini?"

Nikamweleza tofauti yake kwa dakika ishirini nzima. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa adabu ile ile ambayo watu wa kijijini wanamsikilizia mgeni wa wilaya anayewafundisha kulima pamba. Nilipomaliza alisema, "Wewe ndiye unayejua. Ila ukuta uwemo."

Baadaye sana, nikitafuta kitu kingine, nilikuta kwenye kitabu changu cha kufundishia, ukurasa nilioruka kila mwaka kwa sababu haukuwahi kutoka kwenye mtihani, kwamba kuna mbinu ya kupanga maelezo kwa kufuata mahali: kutoka juu kwenda chini, nje kwenda ndani, upande mmoja kwenda mwingine. Kaka yangu wa darasa la nne alikuwa amenipangia insha yote kwa macho yaliyofumbwa. Mimi mwenye shahada nilimwambia hajui kupanga. Nyani haoni kundule, nami langu lilikuwa limebandikwa ukutani kwa karatasi ya manila.

Niliandika Jumapili tangu asubuhi hadi saa tisa, na sikwenda hata kanisani. Niseme ukweli, sikumbuki kumfikiria kaka wakati naandika. Nilimfikiria yule bwana wa ofisini, ambaye sikumjua, na jinsi atakavyosoma na kujiuliza ni nani huyu anayeandika namna hii. Kichwa cha maelezo yangu kilikuwa "Changamoto ya Usalama katika Maduara ya Wachimbaji Wadogo: Maana, Aina, Sababu, Athari na Utatuzi." Ukurasa wa kwanza nilifasili usalama. Kisha nikafasili duara, nikimfasilia ofisa anayeishi Geita, ambaye akifungua dirisha anaona maduara mpaka kwenye upeo wa macho. Ukurasa wa pili nikaainisha maduara kwa kina, kwa umri na kwa umiliki. Ukurasa wa tatu nikalinganisha uchimbaji mdogo na uchimbaji mkubwa, kufanana kwanza, kutofautiana baadaye, hoja tatu kwa tatu zisipishane. Nilipofika kwenye sababu nilizigawa mara mbili, za kibinadamu na za kimazingira. Ukuta ulipata nafasi yake hapo, ukurasa wa nne, sababu za kimazingira, herufi c.

Jumatatu alfajiri nilimkabidhi kaka bahasha. Kurasa sita, zimechapwa mjini, zimebanwa pini pembeni. Aliipokea kwa mikono miwili. Kusoma anajua, barua na mabango na ujumbe wa simu, lakini alifungua, akaona maneno yale marefu yamesongamana, akaifunga polepole.

"Ukuta umo?"

"Umo."

"Wabeja, mwalimu," akasema, yaani asante, na akaiweka bahasha kifuani ndani ya shati asije akaikunja.

Alinipigia simu kesho yake kusema ameshaifikisha, na kwamba bwana wa ofisini ameipima kwa mkono, akafurahi, akasema sasa haya ndiyo maelezo. Wiki iliyofuata nikampigia mimi. Aliniambia wameulizia na wamejibiwa kuwa suala linafanyiwa kazi. Mvua zilikuwa zinaendelea. Nilimuuliza matimba yakoje, akasema wameongeza moja. Nilimwambia awe na subira, maandishi yana taratibu zake. Naikumbuka sentensi hiyo vizuri, kwa sababu niliitoa kwa sauti ninayotumia darasani.

Ukuta uliporomoka saa saba mchana. Wenzake walikuwa wametoka kula, yeye alikuwa kwenye ngazi ya tatu akipanda. Walimsikia, ndicho kilichomwokoa, na walichimbua kifusi kwa majembe na kwa kucha mpaka wakamtoa. Mguu wa kulia ulikuwa chini ya yale magogo mawili. Haukupona, ulikatwa chini kidogo ya goti. Alipoweza kusafirishwa tulimleta hospitali ya Kolandoto ili awe karibu nami, nimpelekee uji na kumbadilishia shuka.

Siku alipotulia kidogo nilipanda basi kwenda Geita kuchukua nguo zake na godoro. Kabla ya nguo nilikwenda ile ofisi. Njia nzima nilikuwa natunga matusi yenye sarufi safi. Nilimdharau yule bwana kabla sijamwona, na nilipomwona nikamdharau zaidi: shati limenyooshwa, kalamu tatu mfukoni, feni inampepea peke yake. Nilimwambia mimi ni nani. Akasimama wima, akazunguka meza kunipa mkono.

"Kumbe ndiye wewe, mwalimu! Karibu kiti. Yale maelezo yako ni ya mfano. Nimewaambia vijana wa humu ofisini, mtu akileta maelezo alete kama haya."

Alilivuta faili, akanionyesha. Chini ya fasili yangu ya usalama alikuwa amepiga mstari kwa rula. Pembeni ya fasili ya duara ameandika "Vizuri." Ukurasa wa pili, kwenye uainishaji, kulikuwa na alama ya vema. Baada ya hapo karatasi zilikuwa safi na zimenyooka, wala pini haikuwa imelegea. Ukurasa wa tatu na kuendelea hapakuwa na hata doa la kidole. Mimi nimesahihisha insha maishani mwangu mwote, najua karatasi ambayo haikufunguliwa inavyokuwa.

"Umeisoma yote?" nikamuuliza.

"Nimeipitia," akasema. Jibu hilo nalijua pia, maana ndilo ninalowapa wanafunzi wanaouliza kuhusu insha zao. Kisha akaegemea kiti, akauliza kwa nia njema kabisa, "Ila samahani, mwalimu, hasa mlikuwa mnaomba nini?"

Matusi yangu yote yalinikauka. Alikuwa amefanya kile ninachofanya mimi saa nane za usiku nikisahihisha, mbele yangu marundo mawili ya madaftari: fasili ipo, aina zipo, vema, mbele. Debe tupu haliachi kuvuma, na pale ofisini yalikuwa madebe mawili, yanasifiana. Nilimwambia ukuta ulikwisha kuporomoka na mtu amekatwa mguu. Alisikitika. Aliniomba niandike maelezo ya tukio hilo, kwa kina. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka, na nguo za kaka nusura nizisahau.

Nilirudi Kolandoto na nakala yangu ya zile kurasa sita, ambayo nilikuwa nimeiweka kwenye faili la mambo ninayojivunia. Sikujua naipeleka ya nini. Nadhani nilitaka kukiri kwa mtu, na mtu wa kukiri kwake alikuwa mmoja tu.

Kaka alikuwa amelalia mito miwili, shuka limeinuka upande mmoja na kulala bapa upande wa pili. Nilimwambia nilichokikuta ofisini, kwamba bwana yule hakupita ukurasa wa pili. Nilitegemea akasirike. Alifikiri kidogo, kisha akasema hajawahi kusikia kilichoandikwa mle, na kwa kuwa sasa hana pa kwenda, nimsomee.

"Ni ndefu, kaka."

"Nisomee, mwalimu. Niliibeba kifuani safari nzima."

Nikaanza. Nilisoma kichwa cha maelezo, na kilinichukua pumzi mbili. Nilisoma fasili ya usalama. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee aliyevunjika nyonga, aligeuka kusikiliza, baada ya sentensi tatu akageukia ukutani. Nilisoma fasili ya duara.

"Duara nalijua," kaka akasema taratibu. "Ukuta bado?"

"Bado."

Nikasoma aina za maduara kwa kina, kwa umri, kwa umiliki. Sauti yangu niliisikia, sauti ya kupita katikati ya madawati, na niliichukia. Nilitaka kuruka, lakini mtu akikuomba umsomee ulichomwandikia, na ameshalipa mguu, huna haki ya kuruka. Nikaingia ukurasa wa tatu, uchimbaji mdogo na uchimbaji mkubwa, kufanana.

"Sasa tumefika ngazi ya ngapi?" akauliza. Macho yake yalikuwa yamefumbwa kama siku ile kwangu, na mikono iko juu ya shuka pale magoti yalipo.

"Bado tuko juu, kaka."

"Haya. Dawa zinanivuta. Wewe endelea, niamshe tukifika ukutani."

Alisinzia kabla sijamaliza kutofautiana. Niliendelea kusoma, sasa kwa kunong'ona, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kumwamsha. Ukurasa wa nne, sababu za kibinadamu, herufi a, b, c, d. Sababu za kimazingira, a, b. Nikafika kwenye c, na nikaisoma kwa mara ya kwanza tangu siku niliyoiandika. Ilikuwa sentensi moja: "Aidha, katika baadhi ya maduara kumebainika hali ya uvujaji wa maji unaoweza kuathiri uimara wa kuta."

Nilirudia kuisoma, nikitafuta mashariki. Nilitafuta ngazi ya tatu na yale magogo mawili yaliyokuwa yamenyooka. Nilifungua ukurasa wa tano, nikatazama na wa sita, kisha nikarudi.

Sikumwamsha. Hatukuwa tumefika ukutani.